Mghani Wangu wa Mbaha

Kabla sijaugua, nilikuwa mtu wa kuitwa. Ikiwepo harusi hapa Mbinga mjini, au kipaimara huko kwetu Litembo, au siku ya akina mama, mtu alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea, akaulizia kwanza bei ya sketi, akagusagusa vitambaa, halafu ndipo akasema kilichomleta: "Fundi, tunaomba na kashairi." Nilitunga mguu ukiwa kwenye cherehani. Siku ikifika nilisimama mbele ya watu, nikavuta pumzi, nikaghani bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma kabisa walisikia.

Ushairi niliupata ukubwani. Nyumbani tulizungumza Kimatengo. Kiswahili kilikuwa cha shule, kanisa na ofisi za serikali, na mashairi niliyoyasikia redioni niliyaona kama mali ya watu wa pwani ya bahari, waliozaliwa nayo mdomoni. Kisha chama cha washairi cha taifa kikafungua tawi Mbinga, na mteja wangu mmoja, mwalimu, akanivuta nikaone. Tulikutana Jumamosi moja ya kila mwezi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa magoti kwenye madawati ya watoto: walimu watatu, katekista, muuza mitumba, bwana mmoja wa ushirika wa kahawa, na mimi. Mmoja anasoma shairi lake, wengine tunagonga dawati kwa kidole kila silabi inapopita. Mizani ikitimia, vidole vinakwenda pamoja kama mvua juu ya bati. Mizani ikipotea, vidole vinagongana, mmoja anacheka, na msomaji mwenyewe anajua.

Mara kwa mara chama kilituletea washairi wazoefu kutoka mikoa mingine. Walilala majumbani mwetu, wakala ugali na maharage yetu, wakashangaa baridi ya Julai, na asubuhi wakatufundisha vina, urari na namna ya kulimaliza shairi kabla msikilizaji hajalichoka. Shairi likiiva lilipelekwa redioni. Yaliyoiva zaidi yaliingia kwenye diwani ya pamoja ambayo chama kilichapisha. Shairi langu la kwanza lilipotoka humo nililipeleka Litembo kwa baba. Alinitaka nilisome mara mbili, kisha nimwambie kwa Kimatengo. Nilipomaliza akasema kwa Kimatengo lingekuwa refu zaidi. Lakini kitabu alibaki nacho.

Uvimbe ulinianza shingoni pole pole, ule ambao bibi zetu wengi wa milimani walizeeka nao. Nilifunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Ulipoanza kunibana pumzi nikipanda mlima, nilikwenda mkoa mwingine kwenye hospitali kubwa, na daktari akanieleza kila kitu kabla hajanigusa. Uvimbe ulikuwa umeushika mshipa wa sauti. Ukiachwa, utaziba njia ya hewa. Ukitolewa, sauti inaweza isirudi. Akanipa muda nifikiri. Nilichagua pumzi.

Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono. Wateja walijifunza kuinamia mashine yangu kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Kwenye simu watu waliita "halo, halo," wakalaumu mtandao, wakakata. Kazi haikupungua, maana mkasi hauhitaji sauti. Ila kwenye harusi sikuitwa tena, na Jumamosi za tawi nikaanza kuzikwepa. Wanachama walikuja kuniona, wakaniletea sukari na sabuni na salamu, wakakaa, wakaondoka. Niliwashukuru kwa mikono. Sikutaka kukaa kwenye lile darasa nikigonga mashairi ya wengine huku langu limekwama kooni.

Yule mwalimu aliyenipeleka chamani sasa alikuwa amestaafu na ndiye mwenyekiti wa tawi. Alikuja kibandani mchana mmoja, akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

"Fundi, tamasha la chama mwaka huu linafanyika Mbamba Bay," alisema. "Viongozi wa taifa wanakuja. Tawi letu linataka shairi lako."

"Mwalimu, mimi sighani tena," nilimnong'oneza.

"Sijakuomba ughani. Nimekuomba utunge."

"Halafu nani atasimama?"

"Mghani. Chama kina waghani. Wapo watunzi wakubwa ambao hawajawahi kufungua mdomo jukwaani maisha yao yote, na wapo waghani ambao hawajawahi kutunga hata mstari mmoja. Wewe ulikuwa unafanya kazi mbili kwa mshahara wa mtu mmoja."

"Mshahara wenyewe haukuwepo."

"Ndiyo maana nakupunguzia kazi," alisema, akaondoka akicheka peke yake.

Nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Sikuwa na hamu ya kutunga juu ya ugonjwa wangu, na kila mtu angetegemea hilo. Nikatunga juu ya kitu ninachokisikia kila Januari, mama anapokuja kumshonea mtoto sare ya shule. Wote husema neno moja, na wengi hulisema kwa sauti ya chini, kama wanaomba msamaha: fundi, weka pindo kubwa. Sare ishonwe ndefu, ikunjwe chini, mtoto akikua ifunguliwe. Ubeti wa kwanza ulikuja hivi:

Mama yuaja dukani, na mwana kamshikia,
Anitaka kwa makini, vazi lake kupimia,
Kisha anena pembeni, sauti kanishushia:
Fundi weka pindo chini, mwana atalifikia.

Lilikuwa shairi la uchangamfu. Kuna mtoto anayezama ndani ya kaptura mpya, kuna sketi inayofagia njia hadi shuleni. Nilicheka mwenyewe nikiliandika. Mwenyekiti akalipeleka kwa uongozi wa juu wa chama, na baada ya siku chache nikapewa namba ya simu ya mghani. Alikuwa mwanamke wa Mbaha, kule kandokando ya Ziwa Nyasa, mwanakwaya wa Kianglikana na mwanikaji wa dagaa, aliyejiunga na tawi jipya la wilaya ya Nyasa. Nilimtumia shairi kwa ujumbe. Akajibu: "Nimelipata dada. Nitakutumia sauti."

Sauti ilifika mchana, kibanda kikiwa na watu. Nikaifungulia kwenye simu. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti kama ile, nzito na safi, imetulia kama mtu anayetembea akiwa na ndoo kichwani. Lakini alilighani polepole mno, akavuta mwisho wa kila mstari, na pale kwenye "mwana atalifikia" akashuka chini kabisa kama siku ya Ijumaa Kuu. Muuza vitunguu wa jirani akachungulia. "Poleni," alisema. "Nani amefariki?"

Nikamwandikia mghani: "Mdogo wangu, umeghani vizuri sana. Ila ni shairi la kuchekesha kidogo. Lichangamshe."

Akajibu kwa sauti, akiongea sasa, huku nyuma yake watu wakiitana: "Sawa dada. Lakini mimi kwa kweli sijaona kinachochekesha."

Alituma tena. Safari hii aliharakisha, lakini huzuni ilibaki palepale, imekimbizwa tu. Mara ya tatu ilikuwa hivyohivyo. Niliandika maelezo marefu juu ya wapi apandishe na wapi akate. Angekuwa karibu ningemwonyesha, lakini ningemwonyesha kwa sauti gani? Kwa mnong'ono? Nilijikuta nimekasirika, hasira ya mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwingine kinyume. Nikamwendea mwenyekiti, nikamwomba atafute mghani mwingine.

"Mmeshaonana?" aliniuliza.

"Hatujaonana."

"Basi shuka ziwani. Tamasha limebakiza wiki moja. Nenda mapema, ukakae naye. Nauli chama kitaishughulikia, hiyo imo kwenye mipango ya waghani na watunzi. Ukirudi bado unataka mwingine, nitatafuta."

Nilifunga kibanda, nikapanda gari asubuhi nikiwa na sweta. Barabara ya lami inashuka kutoka Mbinga kwa kona nyingi, na kila kona joto linaongezeka. Kahawa na mashamba yetu ya ngolo, yale ya vishimo vishimo, yalibaki juu, miembe na mihogo ikaanza, na ziwa lilipotokeza chini upande wa mbele nilikuwa nimeshavua sweta na kulikunja magotini. Mbamba Bay nikabadili gari, nikafuata ziwa kwenda kaskazini hadi Mbaha.

Alikuja kunipokea njiani akiwa na kanga kiunoni na magamba ya dagaa yaking'aa mikononi. Ni mwembamba, mfupi kuliko sauti yake. Nilipomsalimia aliinama, akasogeza sikio, akanijibu. Hakusema "nini?" Hakusema "pole." Alichukua mfuko wangu, tukaenda kwao.

Mama yake alikuwa uani akimenya mihogo. Nikamwambia shikamoo. Hakusikia. Nikarudia.

"Anasema shikamoo," mghani wangu alimwambia kwa nguvu.

"Marahaba mwanangu," mama yule alisema, akinitazama juu hadi chini. "Mbona unaninong'oneza, kuna siri?"

Binti yake akamweleza juu ya uvimbe na hospitali. Mama akanisogeza karibu, akaigusa ile alama ya shingoni kwa kidole chenye vumbi la muhogo, akaitazama vizuri. "Wameshona vizuri," alisema. Mimi fundi, nikakubali.

Kesho yake nilimsaidia kuanika. Dagaa humwagwa kwenye vichanja, halafu hutandazwa kwa viganja ili wasipandane, na baadaye hugeuzwa. Ni kazi inayoacha mdomo huru, naye alikuwa akilighani shairi langu kwa sauti ya chini huku akitandaza. Kila alipofika kwenye kile kimalizio, mstari unaorudi kila ubeti, sauti ilizama. Nikaacha dagaa.

"Mdogo wangu, niambie. Unalia nini hapo?"

Aliendelea kutandaza mpaka akamaliza upande wake.

"Mimi mama aliniwekea pindo kubwa," alisema. "Nilikuwa naanza kidato cha kwanza. Fundi alikuwa wa hapahapa, aliambiwa maneno hayohayo uliyoandika, mimi nasikia. Mwaka uleule baba alifariki, wadogo zangu walikuwa wadogo, nikaacha shule nikaja hapa kwenye vichanja. Gauni lipo ndani, mama hakukubali kuligawa. Pindo halikufunguliwa, dada. Sasa ukiniambia nichangamke pale pa kusema mwana atalifikia, mdomo unakubali, sauti inakataa."

Jua lilikuwa kali na dagaa wanataka kugeuzwa, kwa hiyo tuligeuza. Nilifikiria watoto wote niliowashonea. Nilijua wale waliorudi kufunguliwa pindo, kwa sababu walirudi. Wale wasiorudi sikuwahi kuwawaza. Shairi langu lilikuwa limeandikwa na mtu aliyekaa upande wa mkasi.

"Na sasa una mtoto?" nilimuuliza baadaye.

"Nina binti. Januari anaanza kidato cha kwanza."

"Sare umeshashona?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Nilikuwa nasubiri nimalize ugomvi na fundi."

Mchana ule nilikaa kivulini pa ukuta nikatunga ubeti mmoja wa kuongeza. Nilimwonyesha mstari mmoja mmoja, naye alinisahihisha. Nilikuwa nimeandika "yu mtoni", akasema hapa hakuna mto, hapa ni ufukweni. Ukawa hivi:

Gauni li sandukuni, uzi haujaachia,
Mwenyewe yu ufukweni, kazi imemwangukia,
Na sasa naye dukani, bintiye kamshikia:
Fundi weka pindo chini, mwana atalifikia.

Aliusoma kimya. Kisha akausoma tena akisogeza midomo. Akainuka, akaenda kuosha mikono, akarudi, akaghani shairi zima tangu mwanzo bila kuambiwa. Beti za mwanzo zilikuwa nyepesi, za kuchezacheza, mpaka mama yake akacheka uani alipofika kwenye sketi inayofagia njia. Sasa alikuwa na mahali pa kuiweka ile huzuni, kwa hiyo hakulazimika kuimwaga kila mahali. Kwenye ubeti ule alishuka, na kwenye kimalizio akapanda tena taratibu.

Siku zilizobaki tulifanya mazoezi. Nilimgongea mizani kwa kijiko kwenye sufuria. Tuligombana juu ya pumzi, maana yeye alivuta pumzi kikwaya, katikati ya mstari, na mimi nilitaka mstari ufike wote. Mengine alishinda yeye. Nilimwachia, kwa sababu mapafu ni yake.

Tamasha lilifanyika kwenye uwanja wa shule Mbamba Bay, chini ya mahema, joto likitufukuza kwenye kila kona ya jua. Nilikuwa nimesahau raha ya mikusanyiko ile. Watoto wa shule za msingi walighani mashairi waliyotunga na walimu wao kwenye vikundi ambavyo chama kimevianzisha. Matawi mawili yaliingia kwenye malumbano, la milimani likiitetea kahawa na la ziwani likimtetea dagaa, na watu walishangilia kila jibu kama mpira wa miguu. Mzee mmoja aliyeandika mashairi tangu ujana alivishwa joho la heshima, akasimama pale na joho lake, asijue mikono aiweke wapi. Kisha mshereheshaji akataja tawi la Mbinga.

Mghani wangu alipanda jukwaani na gauni la kitenge nililomshonea palepale Mbaha kwa cherehani ya kuazima. Nilikaa safu ya mbele. Nilitarajia wivu. Nilikuwa nimejiandaa nao kabisa, kama mtu anayejiandaa kwa sindano.

Alianza. Alipofika kwenye mama anayeshusha sauti, aliishusha kweli, akainama kidogo kama anamnong'oneza fundi, na uwanja mzima ukainama naye kusikia. Halafu kicheko kikapita. Akina mama walianza kutazamana, kila mmoja anajua anachokumbuka. Ubeti wa gauni la sandukuni ulipokuja, kicheko kikakatika, hata cha watoto. Na kwenye kimalizio hakuwa peke yake. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye nyasi pembeni walikitamka pamoja naye, bila kualikwa, fundi weka pindo chini, mwana atalifikia, na sauti ile ilipita juu ya vichwa vyetu ikaenda.

Wivu haukuja. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama mbele nikiyasema mashairi yangu, sikuwahi kukaa nikayasikiliza. Nilisikia mistari miwili iliyolegea, nikajisemea nitairekebisha. Na nilisikia kwamba iliyobaki ni mizuri. Nililia kidogo, nikajifuta kwa kanga, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Mshereheshaji alitutaja wote wawili, mtunzi na mghani, maana ndivyo chama kinavyofanya, na tukapanda pamoja kupokea cheti. Baadaye kiongozi mmoja wa taifa, mama wa makamo, akanishika mkono.

"Tunataka uwe mlezi wa vikundi vya sekondari upande wa Mbinga na Nyasa," alisema. "Uwafundishe kutunga."

"Mama, sauti sina," nilinong'ona.

"Na mimi hapa nakusikiaje?"

Nilimwomba muda nifikiri, lakini nilikuwa nimeshakubali.

Sasa Jumamosi zangu zimerudi, na Ijumaa mchana nakwenda shuleni. Wanafunzi mwanzoni walipiga kelele, kama kawaida yao. Nilikaa, nikaanza kusema. Waliotaka kusikia wakawanyamazisha wasiotaka, wakasogeza madawati mpaka wakanizunguka. Siku hizi wanasogeza kabla sijafika. Kuna msichana mmoja anayetunga vizuri kuliko nilivyotunga mimi nikiwa na umri mara mbili ya wake, na nimemwambia hivyo. Chama kimelichukua shairi lake kwa ajili ya diwani ijayo. Muhula ujao tunafungua kikundi Kingerikiti, na mghani wangu atapanda kutoka ziwani aje kuwafundisha kughani.

Yeye mwenyewe alikuwa akisema siku zote kwamba hatungi, anaghani tu. Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wake wa maandishi, si wa sauti. Ulikuwa ubeti mmoja, unaanza hivi: Ziwa leo limetulia. Niligonga kwa kidole juu ya meza ya cherehani, silabi kwa silabi. Nikampigia.

"Mdogo wangu, zimezidi. Mizani tisa. Washairi wangesema 'latulia'."

"Nani anasema latulia huku kwetu?" alijibu. "Nikisema hivyo mama atauliza nimetoka wapi."

"Basi tafuta njia."

Nilisikia upepo kwenye simu yake, na mtu akimwita kwenye vichanja, naye akimjibu asubiri. Kisha akasema, polepole, akijihesabia: "Ziwa limeshatulia."

Niligonga. Zikatimia.

"Endelea na wa pili," nilimwambia, na alinisikia vizuri.